Paka dume anachuchumaa kila saa na mkojo hautoki: hiyo si ya kusubiri asubuhi

Swali lenyewe limetoka kwa dada mmoja wa Tanga, nalinukuu kwa kifupi: "Daktari nina paka wangu dume anaitwa Bosi, ana miaka mitatu, mnene kidogo, yuko ndani muda wote. Tangu jana mchana anaingia kwenye beseni lake la mchanga kila saa, anachuchumaa anajikamua hatoi kitu, analia sauti nzito, anajilamba huko chini. Leo hajagusa hata dagaa na katapika mara mbili. Jirani kaniambia amefunga choo, nimpe mafuta ya kula na nusu panadol ya maumivu, kesho atakuwa sawa. Ntajuaje kama paka anaumwa kawaida au ndo wa kukimbizwa hospitali?"

Dada angu, kabla hujamaliza kusoma hili jibu, piga simu kwa daktari wa mifugo aliye karibu na wewe na umpeleke Bosi sasa hivi, iwe mchana iwe usiku. Mafuta usimpe. Panadol usimpe kabisa, hata robo. Ukishapiga simu ndo urudi usome, maana mengine yote ntakuelezea taratibu hapa chini, na najua kuna wengine wengi wana swali kama lako.

Ulichonielezea wewe sio kufunga choo. Paka dume anayechuchumaa mara kwa mara hatoi kitu, au anatoa tone moja moja lenye damu, na anajilamba sehemu za siri na kulia, huyo mpaka ithibitishwe vinginevyo ni paka aliyezibwa njia ya mkojo. Dume ana mrija mwembamba sana, na pale mwishoni unazidi kuwa mwembamba, kwa hiyo vijiwe vidogo kama chembe za mchanga vikichanganyika na ute, au mrija wenyewe ukivimba na kukakamaa, basi mkojo unagoma kutoka. Jike anaweza kuumwa kibofu akachuchumaa vile vile lakini kuziba kabisa kwake ni nadra, mrija wake ni mfupi na mpana zaidi. Wanaopata sana ni madume wanene, wa ndani, wanaokula chakula kikavu na kunywa maji kidogo, na mara nyingi inakuja baada ya usumbufu nyumbani, labda mmehama, wageni wamejaa, ameletwa paka mwingine, fundi anagonga gonga siku nzima.

Sasa ubaya wake uko hapa. Mkojo ukibaki ndani, figo zinashindwa kusafisha damu, madini ya potasiamu yanapanda, na potasiamu ikipanda sana moyo unapiga polepole na ovyo mpaka unasimama. Aliyezibwa kabisa asipotibiwa kwa kawaida hafikishi siku tatu, na wengine wanaondoka kabla ya hapo. Kutapika na kukataa kula ulikokuona leo ndo dalili kwamba sumu za mkojo zimeshaanza kurudi kwenye damu. Halafu kuna kitu kinawadanganya watu wengi mno: siku ya pili au ya tatu paka anaacha kulia, anatulia, anajilaza kwenye sakafu ya baridi, mwenye paka anasema afadhali amepata nafuu, kumbe ndo anaishiwa. Paka mgonjwa aliyenyamaza ghafla bila kula wala kukojoa hajapona.

Ukimpapasa tumbo kwa nyuma karibu na miguu unaweza kukuta kitu kigumu cha duara kama limau, hicho ni kibofu kilichojaa. Usikibinye! Kuna watu wanajaribu kukikamua ili mkojo utoke, kinapasuka mle mle ndani. Wewe gusa kwa upole mara moja tu, au usiguse kabisa, maelezo yako peke yake yanamtosha daktari kujua hii ni dharura.

Atakachofanya daktari ni kumpa dripu, kumlaza kwa dawa ya usingizi au ya kutuliza, kupitisha mpira mwembamba wa mkojo kuzibua, na mara nyingi unaachwa siku moja mbili tatu huku wanaangalia mkojo unavyotoka. Uulize dawa ya maumivu pia, maana hii hali inauma sana. Na akirudi nyumbani usimsahau, kuziba tena ni kitu cha kawaida hasa wiki ya kwanza, kwa hiyo kila siku hakikisha umeona mkojo kwa macho yako, mchanga uwe umelowa, donge la kutosha sio tone. Mwongezee maji, weka bakuli mbili tatu sehemu tofauti mbali na choo chake, chakula chake kiloweshe, supu ya samaki isiyo na chumvi wala kitunguu wanaipenda sana.

Haya, tuje kwenye panadol, maana hili nalisema kila siku na bado paka wanakufa. Paka ini lake halina uwezo wa kuivunja paracetamol, dawa iliyomo kwenye panadol, kama letu sisi. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka mkubwa mzima, na nusu uliyoambiwa umpe Bosi ingetosha kabisa kumtia sumu. Inaharibu damu yenyewe, damu inashindwa kubeba hewa ya oksijeni, ndani ya masaa machache fizi zinageuka rangi ya kahawia au bluu, anahema haraka, uso na nyayo zinavimba, mkojo unakuwa mweusi. Ina dawa yake, inaitwa asetilisisteini, lakini inafanya kazi vizuri ukiwahi, kwa hiyo kama kuna mtu ameshampa paka panadol iwe jana au leo, hata kama paka anaonekana mzima, ni safari ya hospitali hapo hapo na umwambie daktari ukweli ulimpa nini na saa ngapi. Hakuna wa kukulaumu. Daktari asipoambiwa anapoteza muda kutafuta ugonjwa ambao haupo. Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini nazo usimpe mwenyewe, zinaua figo na kutoboa tumbo. Hizi dawa za watu zilizoko kwenye droo la nyumbani ziache kwa ajili ya watu.

Sasa swali lako la pili, ntajuaje. Paka ni mnyama anayeficha ugonjwa, hatakuambia mapema, akikuonyesha anaumwa ujue ameshabeba kwa muda. Kwa hiyo mi huwa siwaambii watu waangalie "anaumwa sana au kidogo", hiyo inapotosha. Nawaambia waangalie vitu ambavyo mwili hauwezi kukaa bila navyo: anapumuaje, anakojoa au hakojoi, damu inafika kwenye fizi au haifiki, na akili iko sawa au imeruka. Kimoja tu kati ya hivyo kikiharibika, huna usiku wa kusubiri.

Kupumua kwanza. Paka mwenye afya akiwa amelala anavuta pumzi chini ya mara 30 kwa dakika. Chukua simu weka saa, angalia mbavu zikipanda na kushuka ni moja, hesabu dakika nzima. Ukipata zaidi ya 40 akiwa ametulia, rudia baada ya muda kidogo, ikiwa bado hivyo piga simu. Na paka anayehema mdomo wazi kama mbwa huyo usihesabu, kimbia. Paka hahemi hivyo kwa kawaida, anaweza dakika chache baada ya kukimbizana sana au kutiwa hofu ya gari na jua kali, lakini lazima iishe ndani ya muda mfupi akitulizwa kwenye kivuli. Utamuona pia ameinama mbele, shingo imenyooshwa, viwiko vimetanuliwa nje, tumbo linacheza kwa nguvu kila anapovuta hewa, hataki kulala ubavu. Inaweza kuwa maji yamejaa kuzunguka mapafu, moyo, pumu, au aligongwa na pikipiki juzi wewe hukuona, kiwambo kati ya kifua na tumbo kikapasuka na utumbo ukapanda juu. Yote hayo nyumbani hayana dawa. Kazi yako ni moja tu, usimsumbue: usimbane mikononi, usimfungue mdomo kumpa kitu, usimzungushe watoto wamuone. Mwingize kwenye boksi polepole na muondoke. Paka wa aina hii anaweza kufa kwa kukurupushwa tu.

Fizi unaziangalia kwa kuinua mdomo wa juu pembeni. Zikiwa za pinki ni sawa. Bonyeza kwa kidole mpaka pawe peupe, achia, rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Zikiwa nyeupe kama karatasi, za kijivu au bluu, kahawia, nyekundu ya kukoza, au njano, ni hospitali siku hiyo hiyo na zile nyeupe na bluu ni dakika hiyo. Kuna paka wana fizi nyeusi au za mabaka kwa asili yao, hao angalia ulimi au ngozi ya ndani ya jicho. Ndo maana nashauri uangalie fizi za paka wako leo akiwa mzima, ili siku akiumwa uwe unajua za kwake zinafananaje.

Joto la mwili kama unaweza kupima, kipimajoto cha kawaida cha dijitali cha dukani kinatosha, unakipaka mafuta kidogo unaingiza njia ya haja kubwa, sentimita moja au mbili. Kawaida ni kama 38 mpaka 39.2, kwa hiyo usishtuke ukiona 38.8 ukadhani ana homa, kwa paka hiyo ni sawa kabisa. Zaidi ya 40 ni shida, na chini ya 37.5 kwa paka mgonjwa ni shida kubwa zaidi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu maana yake mwili unakata tamaa. Akikataa kupimwa usigombane naye, masikio na nyayo za baridi pamoja na kulegea zinakuambia kitu kile kile.

Akili sasa: paka anayeyumba, anayezunguka duara, asiyekufahamu, amepoteza fahamu, au ana degedege. Degedege moja fupi ikaisha ndani ya dakika moja mbili piga simu umpeleke siku hiyo, ikipita dakika tano au zikifuatana ni dharura ya kukimbia. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, hamezi ulimi, atakung'ata tu. Ondoa vitu vya kumuumiza, zima taa kali, kama unaweza mrekodi video kwa simu, inamsaidia sana daktari.

Halafu kuna ile paka anapiga kelele ghafla na miguu ya nyuma inakufa, anaiburuza. Ukishika nyayo za nyuma unakuta za baridi kuliko za mbele na ngozi chini ya nyayo imepauka au imekuwa ya bluu. Watu wanasema amepigwa na mtu, au amerogwa. Mara nyingi hilo ni donge la damu limetoka kwenye moyo likaziba mshipa mkubwa unaogawanyika kwenda miguuni. Maumivu yake ni makali kupita kiasi. Iwe hiyo, iwe amegongwa au amevunjika mgongo, haijalishi kwako wewe, ni hospitali saa hiyo hiyo, usimkande, usimnyooshe, usimtie maji ya moto.

Sumu ndo inayoua paka wengi mitaani kwetu, na hapa nikae kidogo maana elimu ya mtaani inapotosha sana. Zile sumu za panya zinazouzwa kwenye vipakiti barabarani bila lebo hujui ndani kuna nini. Nyingine ni viuatilifu vikali vya shambani, hivi vinafanya kazi haraka, dakika kadhaa mpaka masaa machache, utaona udenda unamwagika, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, anatetemeka, anaharisha na kujikojolea, kifua kinakoroma. Zipo sindano za kupambana na hii, daktari anazo, ila hakuna muda wa kujaribu jaribu nyumbani. Nyingine ni zile zinazozuia damu kuganda, hizi ni za taratibu, paka anaweza kula panya aliyelishwa sumu akaonekana mzima siku tatu mpaka tano, kisha analegea, fizi zinapauka, anahema, kumbe anavuja damu ndani kwa ndani. Kwa hiyo ukimuona paka wako anatafuna chambo au panya uliyemtega kwa sumu, mpeleke akiwa bado mzima, vitamini K inamwokoa akiwahi. Beba na kile kipakiti, au kipige picha.

Maziwa hayaui sumu. Nasema tena, maziwa hayaui sumu, na baadhi ya sumu zinanyonywa haraka zaidi kukiwa na mafuta. Kumnywesha paka anayetetemeka maziwa, mafuta ya kula, maji ya mkaa au maji ya chumvi kwa nguvu, kinachotokea ni kwamba yanaingia kwenye mapafu, sasa una paka mwenye sumu na nimonia juu yake. Usimtapishe mwenyewe. Kama sumu iko kwenye manyoya, mfano amemwagikiwa, vaa glavu au mfuko mkononi, muoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini ya vyombo, mfute, mfunge taulo asijilambe, muondoke.

Na sumu nyingine sisi wenyewe ndo tunawapa kwa mapenzi. Paka ana viroboto, mtu anachukua dawa ya matone ya mbwa anampaka, au anamuogesha kwa ile dawa ya kuogeshea ng'ombe kupe. Dawa nyingi za mbwa zina pemethrini, paka haivumilii, anaanza kutetemeka na kuruka ruka misuli mpaka degedege. Amitrazi ya ng'ombe nayo inamlegeza, moyo unakwenda polepole, joto linashuka. Ukiona hivyo baada ya kumpaka dawa, osha kama nilivyosema na nenda. Kwenye duka la dawa za mifugo uliza dawa iliyoandikwa ya paka, na kama hamna basi rudi bila kitu.

Uzi nao. Nyumba yenye cherehani, au msimu wa kushona, paka anacheza na uzi anaumeza, wakati mwingine na sindano. Ukiona uzi unaning'inia mdomoni au nyuma kwenye haja kubwa usivute! Unaweza kuwa umenasa chini ya ulimi na upande wa pili uko kwenye utumbo, ukivuta unakata utumbo kama kisu. Muache hivyo hivyo, mpeleke.

Kutapika na kuharisha hapa panahitaji busara. Paka mkubwa akatapika mara moja donge la manyoya, dakika kumi baadae anadai chakula, huyo hana shida. Akitapika mara nyingi ndani ya masaa machache, au hata maji hayakai, au kuna damu, au kalegea, ni siku hiyo hiyo. Mtoto wa paka ambaye hajachanjwa akitapika na kuzubaa juu ya bakuli la maji bila kunywa, usisubiri hata masaa sita, ugonjwa wa parvo ya paka unaua watoto haraka sana na kinachowaokoa ni dripu mapema. Chanjo yake inaanzia wiki ya sita mpaka ya nane, inarudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afike kama wiki 16. Na mtoto aliyepoa mwili, wa baridi, usimlishe kwanza, mpashe joto taratibu kwa chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kitambaa, chakula kwenye tumbo la baridi hakisagiki.

Kutokula: paka mkubwa masaa 24 bila kula chochote, piga simu. Siku mbili usiende mbali zaidi, hasa paka mnene kama Bosi, kwa sababu mnene akiacha kula mafuta ya mwili yanakimbilia kwenye ini yanalijaza, ini linaanza kufa, na hapo hata ugonjwa wa mwanzo ukipona una ugonjwa mpya. Mtoto, nusu siku inatosha kukutia wasiwasi.

Jike anayezaa, akisukuma kwa nguvu nusu saa hakuna mtoto, au mtoto amekwama nusu nje, au unatoka uchafu wa kijani iliyokoza na hakuna mtoto aliyezaliwa, au damu nyekundu inachuruzika haikomi, nenda. Akiwa ametulia ananyonyesha waliokwisha zaliwa hata akipumzika masaa kadhaa kabla ya wengine, mwache, usimsumbue. Jike asiyefungwa kizazi anayetoa usaha nyuma, anakunywa maji sana na kalegea wiki kadhaa baada ya kuwa kwenye joto la kutaka dume, mji wa mimba umejaa usaha huo, ni upasuaji wa haraka.

Vinavyoweza kusubiri mpaka kliniki ifunguliwe ni hivi: kupiga chafya lakini anakula, kuchechemea kidogo huku anakanyaga, kidonda kidogo kisichotoa damu, kuharisha mara moja mbili akiwa mchangamfu, uvimbe wa moto wa kung'atwa kwenye ugomvi ilimradi anakula. Jicho lililofumba lenyewe au limebadilika rangi lisingoje kesho kutwa, jicho linaharibika ndani ya siku moja.

Kuhusu usafiri: boksi lenye matundu, au tenga la kuku, weka taulo chini na kanga juu, akiwa gizani anatulia. Usimweke kwenye mfuko wa sandarusi kwenye bodaboda, atakosa hewa, na usimpakate tu mikononi, honi moja tu ameruka. Jua kali la pwani usiwache boksi kwenye gari lililofungwa. Akiwa amezidiwa na joto, mloweshe maji ya kawaida sio ya barafu, mpepee, mnaenda.

Na daktari ni nani? Muuzaji wa duka la dawa za mifugo anaweza kuwa mtu mwema kabisa lakini sio daktari, na sindano ya antibayotiki ya ng'ombe haizibui mrija wa mkojo. Tanzania daktari wa mifugo lazima awe amesajiliwa na Baraza la Veterinari, una haki ya kumuuliza. Kama hujui pa kuanzia, afisa mifugo wa kata anaweza kuwa hatibu paka lakini namba ya daktari wa wilaya anayo. Mlioko Morogoro kuna hospitali ya wanyama pale chuo cha SUA, Nairobi kuna kitivo cha mifugo cha chuo kikuu kule Kabete. Ukipiga simu usianze na historia ndefu, sema: paka dume miaka mitatu, hajakojoa tangu jana mchana, anatapika, hajapewa dawa yoyote, na useme utafika baada ya dakika ngapi. Hayo yanamfanya aandae mpira na dripu kabla hujafika.

Pesa nayo tuseme wazi, maana ndo inayowafanya watu wengi wasubiri. Uliza bei kwenye simu, mwambie daktari una kiasi gani, muulize kipi ni cha lazima leo na kipi kinaweza kungoja. Kuzibua siku ya kwanza kunagharimu kidogo kuliko siku ya tatu paka akiwa na figo zilizochoka. Na kama kweli haiwezekani kabisa, daktari anaweza kumpumzisha milele kwa sindano bila maumivu, ni uamuzi mzito lakini kumuacha afe na kibofu kilichojaa kwa siku mbili ni mateso ambayo hakuna kiumbe anastahili.

La mwisho ni kwa usalama wako wewe na watoto. Paka mpole aliyegeuka mkali bila sababu, au wa porini aliyekuwa mpole ghafla, sauti imebadilika, taya limelegea, udenda, anayumba, usimtie mkono mdomoni ukidhani kakwama mwiba wa samaki. Kichaa cha mbwa kipo kwetu na paka anakipata na anakiambukiza. Mfungie chumba peke yake bila kumshika, piga simu kwa daktari au afisa mifugo, usimuue ukamtupa. Aking'ata au kukwaruza mtu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, usipake majivu wala mafuta wala pilipili, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo ukaanze chanjo, na umalize sindano zote kwa tarehe utakazopangiwa hata kama kidonda kimeshafunga, kwa sababu dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona.